Tundu Juu ya Kitanda cha Mama Mdogo

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa jembe kabla hatujashusha mabegi mgongoni. Sikulalamika, maana ndiyo yalikuwa makubaliano: tunazunguka nchi za watu na mabegi yetu, asubuhi tunafanya kazi kwenye nyumba ya wageni, na mwenye nyumba anatupa kitanda na chakula. Shuka za wageni, vyoo vya wageni, nywele za wageni zilizoziba bafu. Ukitaka kumjua binadamu, safisha bafu alilotoka.

Nilisafiri na mama mdogo. Usidhani ni mama mtu mzima mwenye miwani. Ni kitinda mimba wa bibi yangu, amenizidi miaka miwili tu, lakini hiyo miwili anaidai heshima yake yote. "Mimi ni mama yako," ananiambia, huku anamaliza chipsi zangu. Siku tunaondoka, bibi alimwita akamkabidhi mimi. Mama naye akanivuta jikoni akanikabidhi yeye.

"Mdogo wangu ana mdomo," mama akasema. "Utamponza. Umetoka naye, urudi naye. Ukirudi peke yako usibishe hodi kwangu."

Hakuwa anatania, namjua. Na mdomo kweli mama mdogo anao. Hawezi kusikia ugomvi akanyamaza. Watu wakizozana barabarani, hata kwa lugha asiyoijua neno, atasimama katikati, atasikiliza pande zote na atatoa hukumu.

Mwenye nyumba aliyetuandikia kwenye mtandao alikuwa mwanamke mchangamfu, anaweka vikaragosi vya kucheka kila mstari. Tulipofika hakuwepo. Kasafiri, na simu yake haipokelewi. Tukapokelewa na baba mkwe wake, mzee mrefu, mkimya, ana bunda la funguo kiunoni linalolia kila anapopiga hatua. Mama mdogo alimbatiza Mzee Funguo hata kabla hajatusalimia. Yeye lugha yetu haijui, sisi yake hatuijui. Kazi alitufundisha kwa mikono: shuka hivi, foronya hivi, ndoo hii ya sakafu, ile ya choo, usichanganye.

Chumba chetu kilikuwa nyuma, uani, peke yake, mbali na wageni. Zamani kilikuwa cha kufulia. Vitanda viwili vya chuma, kabati zito, bafu dogo pembeni nyuma ya pazia, na ukutani hita kubwa ya gesi ya kuchemshia maji. Ukifungua bomba la moto, hita inawaka yenyewe na kuguruma.

Mama mdogo alifunga mlango, akageuka, akaniangalia.

"Komeo liko wapi?"

Halikuwepo. Nikaenda dirishani. Kitasa kilikuwa kimeng'olewa, matundu ya skrubu bado meupe. Dirisha lilisukumwa tu na upepo, likawa linafunguka na kujifunga. Nani anang'oa kitasa cha dirisha la chumba wanacholala wasichana?

"Labda kiliharibika," nikasema.

"Labda na wewe uliharibika," akanijibu.

Tundu tuliliona kesho yake. Lilikuwa juu ya kitanda cha mama mdogo, lingeweza kupitisha ngumi. Kwa ndani liko juu, lakini nje ardhi imeinuka, kwa hiyo mtu akisimama uani linamfika usoni. Tulikuwa tumetoka kazini, mama mdogo anabadilisha nguo, mara mwanga wa tundu ukakatika. Nikainua macho. Jicho! Jicho zima la mtu, linazunguka, linatazama ndani. Halafu funguo zikalia, zikaondoka.

Mama mdogo alipiga ukelele nikadhani ukuta unaanguka. Alitoka na taulo, akamfuata mzee wa watu uani, akamshushia maneno ambayo nisingeyarudia mbele ya bibi. Mzee alisimama kaduwaa. Kisha akaanza kuonyesha tundu, akaonyesha dirisha, akatikisa kidole: hapana, hapana, msifunge. Nikatoa simu, nikafungua ile programu ya kutafsiri, nikampelekea mdomoni. Akasema kitu kifupi. Simu ikatafakari, ikatujibu kwa sauti yake ya kizembe: "Chumba lazima kipumue."

"Umemsikia?" mama mdogo akaninong'oneza. Safari hii hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. "Huyu mtu si mzima."

Tungeondoka siku ileile, lakini tulale wapi? Nje mvua na baridi, na mwenyeji wetu mwingine, kwenye mji wa pili, alikuwa anatutarajia mwisho wa wiki. Tukasema tuvumilie, lakini kwa akili. Dirisha nililifunga mimi, kwa mkanda wa begi, nikaukaza kwenye bomba la ukutani kando ya dirisha mpaka vidole vikauma. Mama mdogo akachukua soksi zake za sufu, akazisokomeza tunduni jozi baada ya jozi, akapigilia kwa kisigino cha kiatu. Kila tukiingia, tunaburuta kabati mpaka mlangoni.

"Achungulie sasa," akasema. "Atakula soksi."

Tulicheka. Tukaoga maji ya moto, tukalala. Asubuhi tukaamka vichwa vinagonga. Mimi nilisikia kichefuchefu, mama mdogo akatapika kwenye ndoo ya sakafu. Tulipotoka uani kuanza kazi tukapata nafuu kidogo kidogo, mpaka adhuhuri tukawa wazima. Tukapiga hesabu. Tumekula nini? Supu. Nani kapika? Mzee Funguo. Nani hakuila? Mzee Funguo, alikula mkate.

"Anatuwekea dawa," mama mdogo akasema. Alining'ang'ania mkono. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya msiba wa babu. "Anataka tulale fofofo. Mwanangu, mimi nimeogopa."

Akiniita mwanangu kwa sauti ile, mambo yameharibika. Nikamwambia basi, hatumalizi wiki. Tunaondoka leo hii, tutalala hata kituoni. Akaoge, afunge mabegi, mimi nianue shuka za mwisho mzee asishtuke. Nikasubiri nje mpaka nikasikia kabati likiburutwa na hita ikianza kuguruma. Najua mazoea yake: anafungulia maji ya moto yatiririke, chumba kipate joto kwanza.

Mvua ikaanza kudondoka. Nilikuwa na shuka mkononi, simu nimeiacha chumbani, nilipomwona Mzee Funguo anakatiza uani na ndoo mbili. Akapita karibu na ukuta wetu, akapeleka jicho tunduni kama kawaida yake. Nikasema moyoni, mshenzi huyu, mchana kweupe! Akasimama. Akaingiza kidole. Akavuta, soksi haikutoka. Ndoo zikamwanguka zote mbili.

Alikimbia. Sikujua mzee yule anaweza kukimbia. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwetu, akausukuma kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili, anapiga kelele. Mimi damu ilinipanda. Nilikamata fimbo tunayoinulia kamba ya nguo, nikampiga nayo mgongoni. Akageuka, akanisukuma, akarudi mlangoni. Nikajitupa katikati yake na mlango.

"Huingii! Utapita juu ya maiti yangu!"

Alinishika mkono anitoe. Nikamng'ata. Nilimng'ata kiganjani, meno yakazama, nikasikia ladha ya damu, wala sikuachia. Alilia kama mtoto lakini hakunipiga. Kwa mkono mwingine alionyesha hita, akaonyesha tundu, akajishika koo, akalaza kichwa begani na kufumba macho. Nikaelewa anasema atamnyonga. Nikazidisha meno.

"Mama mdogo, usitoke!" nikapayuka nilipopata pumzi. "Usifungue!"

Kimya.

Nikaita tena. Mlango unagongwa, mzee analia, mimi napayuka, uwanja mzima umechafuka, na mama mdogo hajasema kitu. Hajauliza nani kaanza. Hajatukana. Ndani ilisikika hita peke yake, inaguruma.

Yule mtu hawezi kusikia ugomvi akanyamaza. Hawezi! Nikamtazama mzee, machozi yamemjaa, bado kajishika koo, na ndipo ikaniingia akilini. Hakuwa anatishia. Alikuwa ananieleza. Moto wa gesi ulikuwa unakula hewa ya chumba kile, unarudisha sumu isiyonuka, na pua ya chumba, ambayo yeye alikuwa akiikagua kama iko wazi, tuliiziba wenyewe kwa soksi. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulijifungia nacho tukaweka na kabati.

Tulisukuma wote wawili. Kabati halikutikisika. Mzee akazunguka ukutani, nikasikia anafunga mtungi wa gesi, hita ikanyamaza. Akarudi na sepeto, akavunja kioo. Mkanda wangu bado umekaza dirisha, nimeufunga kwa nguvu zangu zote, Mungu wangu, vidole vinateleza, haufunguki. Mzee akaukata kwa ncha ya sepeto. Nikaingia kwa tumbo juu ya vioo.

Alikuwa sakafuni karibu na bafu, taulo limemtoka, mdomo wazi. Midomo yake ilikuwa myekundu, kama ya mtu mwenye afya njema, na hicho ndicho kitu cha kutisha kuliko vyote nilivyoviona maishani. Nilisukuma kabati kwa mgongo, sijui nguvu nilitoa wapi. Mlango ukafunguka. Nikamshika makwapani nikamburuta mpaka uani, visigino vyake vikichora matope.

"Amka," nilimwambia. "Amka, nitamwambia nini mama? Nitabishaje hodi? Mama mdogo, nakuomba, nitukane, sema chochote."

Mvua ilimpiga usoni. Nikampuliza hewa mdomoni kama nilivyoona kwenye sinema, sijui kama nilifanya sawa. Nikapuliza tena. Tena. Koti zito likaangukia mwili wake kutoka juu, likamsitiri kuanzia shingoni. Sikuangalia limetoka wapi.

Kisha akakohoa. Akakunja uso, akatapika mkononi mwangu, akavuta pumzi ndefu yenye mlio. Nikalia kwa sauti mpaka mgeni mmoja akatoka na mwavuli, akatuona, akakimbilia simu kuita gari la wagonjwa.

Macho yake yalifunguka taratibu. Yakazunguka, yakatua kwangu, yakatua kwenye koti.

"Nani," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "nani kanivua nguo?"

"Hakuna aliyekuvua, mama. Hakuna."

"Yule mzee... yuko wapi? Ananichungulia?"

Nikainua kichwa. Mzee Funguo alikuwa hatua chache kutoka kwetu, na shati jembamba, analoa mwili mzima. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Alisimama ameutazama ukuta, soksi za mama mdogo zikiwa bado zimechomoza tunduni mbele ya uso wake, na mkono nilioung'ata ukichuruzika damu juu ya funguo. Hakugeuka hata alipotusikia tukizungumza. Alikuwa anangoja aambiwe kwamba binti yuko hai, na kwamba amesitirika, anaweza kugeuka sasa.

Nikafungua mdomo, mimi na mdomo wote huu wa kwetu, na sikuwa na neno hata moja la lugha yake.