Kengele ya Thelathini na Tisa

"Nisamehe, mwanangu," alisema Mama Vifaranga huku akisugua trei za mayai. "Labda kweli nilisinzia."

Injinia, kijana aliyeandika programu ya mashine za kutotoleshea, hakubandua macho kwenye kompyuta. Juzi usiku mashine ilipata joto kupita kiasi, mayai yote yakaharibika. Kengele ilitakiwa kulia joto likifika nyuzi thelathini na tisa, na Mama Vifaranga, aliyekuwa zamu, aliapa kwamba haikulia. Injinia ndiye aliyemjibu, mbele ya wafanyakazi wote: "Mashine haisinzii, mama." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Meneja hakucheka. Alimwambia mama amalize wiki, aende zake.

Leo kijana alirudi kuwaziba watu midomo tu, kuonyesha kwamba programu yake haina kasoro. Akafungua vipimo vya usiku ule. Thelathini na tisa, thelathini na tisa, hivyo hivyo hadi alfajiri, bila kupanda wala kushuka. Akautafuta mstari wa kengele: joto likiwa kubwa kuliko thelathini na tisa, lia.

Kubwa kuliko. Alama ya "au sawa na" hakuiweka. Thelathini na tisa haiwezi kuwa kubwa kuliko thelathini na tisa, basi kompyuta ilinyamaza kama ilivyoagizwa, na huyu mama akakesha akiisubiri.

Uso ulimwaka. Angeweza kuiongeza alama hiyo kimyakimya, afunge kompyuta, aage. Nani angejua? Aliiongeza, na akazidi kuona aibu kwa kuwa wazo hilo lilikuwa limemjia.

"Meneja!" Aliita kwa nguvu, wafanyakazi wakageuka. "Kosa ni langu. Kengele haikulia kweli. Niliandika vibaya."

Safari hii hakuna aliyecheka. Meneja akaagiza mashine ijaribiwe ikiwa tupu.

Namba zilipanda taratibu. Ilipotokea thelathini na tisa, kengele ikapasua chumba, kali kiasi kwamba mtu mmoja aliangusha ndoo.

Mama Vifaranga aliacha kusugua. Povu lilimchuruzika mpaka viwikoni.

"Kumbe nilikuwa macho," alisema polepole.

Injinia aliinamisha kichwa, akanyoosha mkono kuizima.

"Iache," mama akamwambia. "Iache kidogo, niisikie."