Mbao za Kalimoni

Mimi si mtu wa kununa. Nikikasirika nasema, na nikishasema yanaisha, hata mume wangu anajua. Lakini hili la nyumba ya mchungaji limenikaa kooni tangu Agosti, na halijashuka mpaka leo.

Mume wangu ni Mchungaji Gathogo. Mimi watu huniita Mama Mchungaji, utadhani nilizaliwa bila jina, na mama yangu alinipa zuri tu, Nyawira. Ukiolewa na mchungaji umeolewa na lori la kuhama. Nimepanda sukuma wiki ambazo wengine walikuja kuchuma, nimepaka rangi kuta za kanisa huku na kule, na kila mara nikishazoea majirani, haya, funga vyombo. Changu kilikuwa kimoja tu: kipande cha shamba kule Kalimoni nilichoachiwa na baba, pamoja na miti ya muringa aliyoipanda mpakani kwa mkono wake.

Baba alipofariki niliikata ile miti, nikaipasua mbao, nikazipanga kwenye kibanda cha mabati na vijiti katikati ili hewa ipite. Kila nikipata nafasi nilienda kuzigeuza na kumwaga oili chafu chini ili mchwa wasipande. Watu wa fanicha kutoka Thika walikuja kuziulizia, nikawafukuza. Ile ilikuwa sakafu yangu, madirisha yangu, mlango wangu. Gathogo akistaafu tungejenga Kalimoni, na mimi nisingehama tena mpaka nibebwe.

Basi tukaletwa Thika, upande wa Kamenu, kwenye nyumba ya mawe iliyojengwa na mzungu wa kahawa kabla hata baba yangu hajaoa. Kwa nje ilikuwa ya kutamanika. Ndani, woi! Unaingia saa sita mchana unapapasa ukuta ukitafuta swichi. Madirisha madogo yenye vyuma, siling'i ya bodi nyeusi, mawe mazuri yamepakwa rangi ya kijani ya mafuta kama kituo cha polisi, na sakafu imefunikwa kwa plastiki juu ya plastiki. Nilikohoa msimu mzima wa baridi.

Gathogo ndiye aliyeanza. "Mama Mugo," akaniambia (Mugo ni kijana wetu, yuko Qatar kikazi), "wewe una jicho. Hebu tuifungue hii nyumba."

Kamati ya kanisa ikakubali. Nikamtafuta fundi Kaleli wa Kiganjo, tukaanza kubandua na kukwaruza. Chini ya ile kijani tukakuta mawe ya kijivu yenye alama za patasi ya aliyeyachonga. Tukavunja ukuta kati ya jikoni na sebule, tukapanua madirisha, tukang'oa siling'i, na juu kwenye paa tukatoa baadhi ya vigae tukaweka vioo. Asubuhi ya kwanza jua liliposhuka mpaka mezani, niliketi na kikombe changu cha chai nikalia kwa furaha. Sioni haya kusema.

Zikabaki sakafu na fremu za madirisha, maana za mzungu zilikuwa zimeoza. Kamati ikasema pesa zimefika mwisho, tuweke taili na alumini tumalize. Jioni hiyo Gathogo akaja na ile sauti yake ya mazishi, laini kabisa.

"Si kuna zile mbao za Kalimoni?"

"Zile ni za nyumba yetu, Baba Mugo."

"Kwani hii ni ya nani? Wakubwa wameniambia nitastaafia hapa hapa. Siku hiyo ikifika, kanisa litatujengea Kalimoni, na mbao watatafuta wao. Ama unataka zilale kule zikingoja mchwa?"

Nilikataa. Hakunifokea, angalau angefoka ningejua pa kumshika. Alikuwa tu anakaa pale chini ya vioo baada ya chakula, anaangalia simiti, anasema, "Hapa mbao zingependeza." Mwishowe nikakubali. Nilimwamini, na pia ile nyumba nilikuwa nimeshaipenda. Lori likaenda Kalimoni mwezi wa sita.

Kaleli alipopiga randa ubao wa kwanza, akasimama. "Mama, una uhakika? Nikishazikata kwa vipimo vya hapa, ndio basi."

"Kata," nikamwambia.

Jumamosi moja ya Agosti nilikuwa nimepiga magoti napaka sakafu nta, mlango ukabishwa. Msichana nadhifu, futi ya kupimia mkononi.

"Shikamoo Mama. Mimi ni Viola, mke wa Mchungaji Marvin. Nimekuja tu kupima madirisha, nishone mapazia mapema."

"Mapazia ya nani?"

Akacheka, maskini, akidhani namtania. "Si nyinyi mnaenda Ruiru? Hii nyumba ni nzuri, Mama, ila hili jua litaniharibia viti. Na mbao zinapiga kelele mtu akitembea. Tutaweka kapeti yote."

"Nani amekuambia tunaenda Ruiru?"

"Mchungaji mwenyewe. Tulikutana kwa semina ya Pasaka, akatuambia tusiwe na haraka, Agosti nyumba itakuwa tayari."

Pasaka! Na lori lilienda Kalimoni mwezi wa sita. Nilimwachia Viola apime, nikaenda nyuma ya nyumba kumngoja Gathogo.

Gathogo aliporudi hakukana. Alivua kola yake akaiweka mezani, pale pale jua linapoanguka.

"Ruiru ni kanisa kubwa, Mama Mugo. Wanaangalia maendeleo ya mtu. Walikuja wakaiona hii kazi."

"Waliona mbao zangu."

"Ningekuambia, ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Kwani watu huulizwa ili iweje?"

Nilienda Ruiru kuiona fleti tuliyokodishiwa. Ghorofa ya tatu, na dirisha la sebule linatazama ukuta wa jirani, karibu hivi kwamba ningeweza kumwanikia nguo. Nilirudi nimeshaamua. Nikamwambia Gathogo kwamba Jumapili ya kuagwa nitasimama mbele ya kanisa zima nidai mbao zangu, na Kaleli atazing'oa hata kama nusu zitavunjika.

"Fanya unavyoona," akasema. Nikadhani ameogopa.

Siku ya kuagwa, mke wa mchungaji hupewa maikrofoni aseme neno. Neno lenyewe hujulikana: nimebarikiwa, tuombeane, asanteni kwa blanketi. Kanisa lilijaa mpaka kwenye hema nje.

"Bwana asifiwe," nikaanza. Wakaitika.

"Mnaijua sakafu ya nyumba ya mchungaji. Mnayajua madirisha yake. Zile mbao hazikununuliwa na kanisa. Ni miti ya baba yangu. Nilizikausha mwenyewe Kalimoni, zijenge nyumba yangu, na nyumba nyingine sina. Na leo mbele yenu nasema..."

Nikavuta pumzi. Ngai, kwa nini nilivuta pumzi! Gathogo alikuwa ameshafika kando yangu na maikrofoni ya pili.

"Haleluya! Kanisa, mmesikia? Kwa unyenyekevu wake hajawahi kuwaambia. Mama huyu amechukua nyumba yake mwenyewe akampa Bwana!"

Likalipuka kanisa. Vigelegele, ngoma, watu wamesimama juu ya viti. Viola alinifikia wa kwanza, analia machozi ya kweli, akanivika shuka mabegani. "Nazitaka," nikasema. "Nazitaka mbao zangu!" Akanikumbatia zaidi, wimbo ukatumeza sote wawili.

Kisha nikamwona Cucu Wamboi, bibi kizee mjane wa Kiganjo anayeishi kwa chumba cha kukodi, anajikokota na fimbo yake kuja mbele. Gathogo akamwinamia na maikrofoni. Cucu akasema amekuwa akiweka mabati, moja moja, ili siku moja ajijengee. Akasema amemsikia Mama Mchungaji, na yeye pia anayatoa yote.

Alikuwa ananiangalia mimi. Nilifungua mdomo nimwambie, Cucu, rudi ukae, lakini maikrofoni yangu ilikuwa imeshachukuliwa. Gathogo akanishika kifundo cha mkono, akauinua juu.

"Wapungie, Mama Mugo," akaninong'oneza.

Nikawapungia.