Tumbo Halimo Kwenye Fomu

Sheha Kificho alinirudishia karatasi zangu mara ya nne, na mara hii hakujisumbua hata kuzifungua.

"Simjui mtu wa kwenu hapa shehiani, Bi Samah. Lete mzee anayeijua asili yako."

Mwaka ule wa 2005 kila mtu alikuwa akihangaikia kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na bila mhuri wa sheha wa mtaa wako hukipati. Mimi ni mpishi wa dakhalia, bweni la skuli ya serikali, na tulikwishaambiwa kwamba asiye nacho mwisho wa mwezi akabidhi funguo za stoo. Miaka kumi na tisa nawapikia uji watoto wa watu, leo sijulikani! Nilitoka pale na hasira hata viatu nikavivaa kinyume. Sababu naijua. Aliniona Gombani kwenye mkutano wa chama kisicho chake, nimekaa safu ya mbele, napiga vigelegele.

Lakini swali lake lilinichoma. Baba yangu alikuwa Mwarabu. Aliondoka kwenda Omani mwaka 1964, nami nikiwa bado tumboni, na watu wake wote wakamfuata. Kuumeni sina hata kaburi la kuonesha. Mama alinilea Mkoani mjini, na kuhusu kwao alinitajia Kisiwa Panza tu, basi, mpaka anakufa. Sikuwahi kwenda. Nilijivunia jina la baba, wavuvi wa kukeni nikaona wa nini. Haya, sasa nawatafuta mimi.

Nilivuka. Hata sikuuliza nyumba tatu, nikafikishwa kwa Bi Kazija, bibi kizee wa meno mawili, anasuka mkeka. Nikamtajia mama.

"Hamdiya wa Mwanaasha!" Akanishika uso kwa mikono miwili. "Weye mwanetu! Mie, na bibiyo Mwanaasha, na bibiye Kificho, mzaa mamake, sote tumbo moja. Katuzaa ntu mmoja, Bi Mjaka."

"Kificho yupi, bibi?"

"Kwani wako wangapi? Huyo shehawo!"

Nililia pale pale kwa furaha, mtu mzima mimi.

Kesho yake nikamvusha. Ana miaka themanini na ushei, magoti hayamsikii, lakini alijitanda buibui akasema hakuna wa kumzuia. Kwa sheha foleni ilikuwa imefika barabarani. Bibi akaipita yote, akasimama mbele ya meza.

"Kificho babaangu, huyu nduguyo. Bibi zenu tumbo moja. Mwandike."

Foleni nzima ikasogea karibu.

"Shikamoo, bibi," sheha akasema, macho yakiwa kwenye karatasi. "Fomu inauliza baba. Haina nafasi ya tumbo."

"Na weye kunatoka wapi, kama si tumboni? Mkataa kwao mtumwa, Kificho!"

Watu wakaangua kicheko. Sheha akafuta jasho, akaniita nyuma ya kabati. Uso wake haukuwa na ubishi tena. Ulikuwa na woga, nami nikamwonea huruma bila kupenda.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akaninong'oneza. "Nikikuandika mwenyeji, wakubwa watasema najaza jamaa zangu wa chama kile. Mimi nitoke, na wewe ufutwe. Njia ni moja. Saini hii, nikupe barua ya mgeni mkaazi. Kura hupigi, lakini kazini hawakutoi."

Nikaisoma. *Mimi Samah nimehamia hapa. Sina jamaa katika shehia hii wala Kisiwa Panza.*

Nilitaka kuichana. Wallahi nilitaka. Nikaangalia mlango, nikaangalia dirisha lenye nondo, nikakumbuka kwamba mwisho wa mwezi ni Alhamisi na sina mume wala mtoto wa kunilisha. Mkono ukasaini wenyewe. Sheha akagonga mhuri haraka, asije akanitazama usoni.

Bi Kazija alikuwa ameshajikokota mpaka kwenye kabati, anahema.

"Kunaandikani hapo, mwanangu?"

Bibi hajui kusoma.

"Majina yetu, bibi," nikamjibu. "Mimi, na mama, na nyinyi wote."

Akafurahi, akataka nimwoneshe lake. Nikaushika mkono wake, nikakiweka kidole chake juu ya *sina jamaa*.