Jina la Mjomba Ozémé Chini ya Namba

Boti ilikuwa tayari uani kwetu, kijijini Pointe-aux-Chênes, kusini mwa Marekani, nyeupe pe! Kilichobaki ni karatasi. Bila cheti cha serikali ya shirikisho, boti kubwa kama ile hairuhusiwi kuvua kamba wa kuuza, na msimu ungefunguliwa Mei. Ilikuwa Februari.

"Wewe ndiye wa kujaza fomu za Washington?" dada yangu Zoélie alinicheka. "Uliyefukuzwa shule? Mpelekee wakala wa mjini, yaishe."

"Sikufukuzwa, niliacha. Na kusoma najua."

Nikajaza mwenyewe, mezani jikoni. Jina la boti: *Odalia*, jina la bibi yetu. Kwenye urefu, nilitoka na tepu. Mjomba Ozémé, aliyeijenga miezi kumi na minne bila mchoro, kwa jicho tu, alinitazama nikiinama.

"Futi arobaini na sita," alisema kabla sijasoma.

Tepu ikasema arobaini na sita.

Kisha nikafika kwenye karatasi ya mjenzi. Aliyejenga lazima aweke sahihi mwenyewe. Mjomba akasukuma kahawa yake kando.

"Mimi siweki alama kwenye karatasi ya mtu."

"Mjomba, ni ya boti tu."

"Baba yangu naye aliambiwa ni ya kukodisha tu. Akachora msalaba mahali pa sahihi. Ardhi yote ikaenda."

"Basi andika umeijenga wewe," Zoélie alininong'oneza. "Nani atakuja kukagua?"

Mimi nilimshikia misumari tu. Niibe kazi ya mzee ili niwahi msimu? Heri boti ioze uani!

Nikavuta kiti, nikamsomea fomu nzima, Kiingereza nikikigeuza Kifaransa chetu cha nyumbani, mpaka yale maandishi madogo ya chini.

"Wametaja ardhi?"

"Hapana."

"Nyumba?"

"Hapana. Inasema boti hii umeijenga wewe, Ozémé Dardar, na umeijenga kwa ajili yangu."

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Rudia tena."

"Mjomba, umesikia vizuri!"

"Nimesikia. Napenda tu."

Enzi zake shule za wazungu hazikuwapokea watoto wetu sisi wenyeji wa asili, kwa hiyo hakujua kuandika. Siku sita alikaa na penseli, akijaza migongo ya bahasha kwa jina lake, akitukana kila herufi. Siku ya saba tulikwenda mjini kwa mama mmoja mthibitishaji, anayeshuhudia sahihi. Yule mama alimtazama mikono, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa, mzee. Weka alama ya X tu, inatosha."

"Nina jina, mama," alisema Mjomba.

Akaliandika lote, polepole, na watu nyuma yetu wakisubiri. Mimi ningewazuia hadi jioni.

Cheti kilifika wiki ya mwisho ya Aprili, na namba yetu juu yake. Namba hiyo lazima ikae ndani ya boti, kwenye boriti kuu, isibanduke kamwe. Mjomba aliichonga kwa patasi huku nikimsomea tarakimu moja moja. Zoélie alishika taa bila kunitania hata kidogo.

"Na jina langu liko wapi kwenye hiki cheti?" Mjomba aliuliza.

"Liko kwenye faili yao kule. Milele."

"Kule mbali."

Akapuliza vumbi la mbao, akashusha patasi chini ya namba, akaanza na O.