Kumnyoa Mama Luciana

Luciana wa Ihanja alikuwa amenyolewa kwa msiba mara nyingi kuliko wanawake wa rika lake. Alinyolewa mumewe alipofariki. Akanyolewa tena Simeoni, mwanawe mkubwa, alipoletwa kutoka machimboni akiwa ameshakata roho, na kabla nywele hazijashika kitana akanyolewa kwa ajili ya Filipo, mwanawe mwingine. Kila mara ilikuwa vilevile: anakalishwa uani juu ya ngozi ya ng'ombe, miguu ameinyoosha, Stumai wa nyumba ya jirani anakuja na wembe na bakuli la maji, na wanawake wa ukoo wanakaa nyuma yake kungoja zamu zao. Wakati wa kunyolewa hakuwa akilia. Alilia kabla, akalia baada.

Kisha uzee ukampanda kichwani. Alianza kusahau njia ya kisimani, akasahau nani jirani na nani mgeni, akawa anaita jioni mbuzi waliokwisha kuuzwa miaka mingi. Binti yake Winfrida, aliyekuwa ameachika Sepuka na kurudi nyumbani, ndiye aliyebaki naye. Alimwogesha, akamlisha uji wa uwele, akamtoa juani asubuhi na kumrudisha kivulini jua likikaza. Hayo yote aliyaweza. Kilichomshinda ni kichwa.

Nywele za Luciana zilikuwa nyeupe na laini, zikisokotana upesi kama sufi, na jasho la kiangazi lilimwasha akajikuna mpaka akatoka vidonda. Muuguzi wa zahanati alisema dawa haitafika kwenye ngozi mpaka nywele ziondoke. Basi Winfrida akamkalisha mama yake uani, akatoa wembe mpya, akaufungua karatasi yake. Luciana akautazama wembe, kisha akamtazama binti yake.

"Nani amekufa?"

Winfrida alimwambia hajafa mtu, ni vidonda tu.

"Usinifiche, mimi mtu mzima. Nani amekufa? Ni Simeoni?"

Winfrida hakuwa amejifunza kumdanganya mzazi. Alimkumbusha kwa upole kwamba Simeoni alishafariki siku nyingi, na Filipo pia, na kwamba wote walizikwa na yeye mwenyewe akiwepo. Alidhani anamkumbusha. Kumbe kwa mama yake habari ilikuwa inafika saa ile ile, ya watoto wawili kwa mpigo. Luciana aliangukia ubavu, akalia mpaka sauti ikamkauka. Majirani walikuja mbio, wengine wameshajifunga kanga kiunoni tayari kwa kazi za msiba, na Winfrida akasimama mlangoni kuwaeleza kwa aibu kwamba hakuna msiba, warudi tu.

Mara ya pili alidanganya. Alisema wote wazima, wako makazini. Haikusaidia kitu. Mdomo ulisema uongo lakini wembe ulikuwa mkononi, na Luciana aliuamini wembe. Winfrida alijaribu mkasi, mama akaufahamu vilevile. Akamwomba Stumai aje amsaidie, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote, kwa sababu Luciana alipomwona Stumai anaingia uani alianza kuomboleza hata kabla ya salamu. Stumai alirudi kwake akijifuta macho. Alisema alikuwa akinyoa wafiwa kwa wema, hakujua kwamba miaka yote hiyo sura yake ilikuwa inageuka kuwa sura ya kifo.

Aliyepata dawa ni Gasto, kitinda mimba. Gasto alikuwa mfanyakazi wa shirika moja la umma, mpaka enzi za ruksa na soko huria zilipoingia, shirika likafungwa, naye akahamia Itigi kuuza mitumba karibu na stesheni ya reli. Alikuja nyumbani na sweta la mama, akamwamkia, mama akaitikia marahaba ingawa jina la mwanawe lilimponyoka. Winfrida alimweleza habari ya kichwa. Gasto alisikiliza, akafikiri, kisha akavua kofia, akaketi chini mbele ya miguu ya mama yake, akamtia wembe mkononi.

"Ninyoe, mama. Nywele zimenizidi."

Winfrida nusura ampokonye. Mikono ile ilikuwa haiwezi kushika kikombe bila kumwaga. Lakini Luciana alimlowesha mwanawe maji, akaivuta ngozi kwa dole gumba, akaanzia utosini kushuka, polepole, huku akipuliza nywele zilizokatika, kama alivyokuwa akiwanyoa wanawe wote walipokuwa wadogo. Hakumkata hata kidogo. Alipomaliza akampaka mafuta ya alizeti. Gasto akajipapasa upara, akacheka, akasema sasa ni zamu ya mama. Luciana akainamisha kichwa mwenyewe. Gasto alichukua wembe mwingine mpya akamnyoa, na mama hakuuliza kitu. Angeulizaje msiba, na mwanawe yuko mbele yake, kichwa kinang'aa na meno yako nje?

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila Gasto alipokuja walinyoana, vidonda vikapona, Winfrida akaanza tena kuimba akitwanga. Siku hizo alithubutu kuamini kwamba mzigo huu unabebeka.

Halafu Gasto akaja amekonda. Nywele zake zilikuwa zimepungua, zimelala, laini kama za mtoto mchanga. Miaka ile kila mtu alijua nywele za namna hiyo zinasema nini, na hakuna aliyelisema. Luciana alipomwona alinyoosha mkono apewe wembe.

"Leo hapana, mama," Gasto alisema.

Alimfuata dada yake jikoni akamweleza wazi alichoambiwa na madaktari. Alisema mikono ya mama imezidi kutetemeka. Atamkata yeye Gasto, kisha ajikate dole gumba, damu zikutane, na hilo hawezi kulibeba. Walipotoka, Luciana alikuwa bado amekaa, kiganja wazi. Aliuliza amemkosea nini mwanawe. Gasto alizunguka nyuma ya nyumba akakaa huko mpaka jua likatua, na siku hiyo hakunyolewa mtu.

Mvua za kwanza ziliponyesha alirudi Ihanja moja kwa moja, akabebwa kutoka barabarani. Winfrida sasa alikuwa na wagonjwa wawili. Alimnyoa Gasto yeye mwenyewe, kichwa na ndevu, ndani ya chumba, mlango umefungwa ili mama asione, kwa sababu mdogo wake hakupenda kamwe kukaa na ndevu chafu. Luciana alisikia kikohozi akauliza ni nani. Akaambiwa ni mgeni. Aliagiza mgeni apewe maziwa.

Gasto alifariki mchana, Winfrida akiwa shambani.

Baada ya mazishi, baba mdogo Mughwai, mdogo wa marehemu baba yao na mkubwa wa ukoo, alisema shemeji yake anyolewe kama ilivyo mila. Winfrida alimwangukia. Alimwambia mama hana akili ya kubeba msiba, akinyolewa atajua, kisha atasahau, kisha atajua tena, na haitakwisha.

"Mama hamziki mwanawe na nywele kichwani," Mughwai alijibu. "Watu watasema hakumpenda."

Winfrida alikuwa hajalala siku nyingi na nguvu ya kubishana hakuwa nayo. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba anyoe yeye. Wakamkalisha Luciana juu ya ngozi, miguu ameinyoosha. Akauliza swali lake.

"Gasto, mama."

"Gasto wangu?"

"Ndiye."

Luciana aliinamisha kichwa. Alinyolewa bila kutoa sauti, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakanong'onezana kwamba bibi ameupokea msiba vizuri.

Asubuhi aliamka, akapitisha mkono kichwani, akakuta hakuna nywele. Akauliza. Winfrida akamwambia, mama akalia. Baada ya uji mkono ukapanda tena, akauliza, akaambiwa, akalia upya kabisa, kama mtu aliyekuwa hajaambiwa kitu. Winfrida alimfunga kitambaa, mama akakivua. Winfrida alisema ni joto, ni vidonda, hajafa mtu. Luciana alinyoosha mkono akamgusa binti yake kichwani.

"Na wewe umenyolewa," alisema. "Basi ni wa kwetu."

Tena Winfrida aligundua kwamba akidanganya ni vibaya zaidi. Asipotajiwa jina, mama aliwaomboleza wote: mumewe, Simeoni, Filipo, Gasto, na mwishowe Winfrida mwenyewe, akiwa amemshika mkono. Akisema kweli, kilio kilikuwa cha mtu mmoja. Akawa anasema kweli. Alimfisha ndugu yake kwa mdomo wake asubuhi, mchana na jioni, mpaka jina lenyewe likamchosha, na hilo la kuchoshwa na jina la Gasto ndilo lililomliza akiwa peke yake shambani.

Watu wa msiba walitawanyika. Mughwai alirudi kwenye alizeti yake. Nywele za Luciana ziliota polepole, na zilipofunika ngozi aliacha kuuliza. Sasa alikaa kutazama barabara, akimngoja Gasto aje wanyoane. Alilisema jina hilo vizuri sasa, bila kulikosa, na kila basi lililosimama alimtuma Winfrida akampokee. Winfrida alikwenda. Alisimama kando ya barabara mpaka basi liondoke, akarudi.

Nywele zikarefuka, zikasokotana, vidonda vikarudi, na chawa wakaingia. Kisimani walisema binti amemtupa mama yake. Stumai alisimama nje ya ua akajitolea kuja kumshika mikono bibi ili anyolewe, liwalo na liwe. Winfrida alikataa. Nyembe zilizobaki ndani alizitumbukiza chooni.

Mchana, kazi zikipungua, alimlaza mama yake kivulini, kichwa mapajani, akamtafuta chawa kwa vidole, akiwapasua kwa ukucha. Luciana alisinzia. Winfrida alijua hatawamaliza. Alikigeuza kichwa upande wa pili, akaendelea.