Siku Tatu za Kuezeka Manga

Mwaka wa 1949 Mong'ina alikuwa katibu wa chama cha wanafunzi katika chuo cha ualimu nje kidogo ya mji wa Kisii. Hakuna msichana aliyewahi kupewa kazi hiyo kabla yake, na yeye aliipata kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Wavulana walidhani ataandika wanayosema wao, kisha anyamaze.

Chama chenyewe kilikuwa kimepasuka. Wanafunzi walikuwa thelathini na wawili. Karibu nusu yao walikuwa Wasabato, walioitunza Jumamosi, na waliobaki waliabudu Jumapili. Walikuwa wamekula meza moja bila taabu hadi siku chuo kilipoalikwa mechi ya mpira Jumamosi. Wasabato hawakucheza, na timu ikafungwa mabao sita. Golikipa alikuwa Ratemo, mwenyekiti wa chama, kijana mwenye mabega mapana na kiburi cha kutosha watu wawili. Aliporudi kutoka uwanjani alimwambia Obiero, aliyekuwa kiongozi wa Wasabato, maneno ambayo hayakuandikwa popote. Kuanzia siku hiyo kukawa na meza mbili, na kila mkutano wa chama ukavunjika kabla ya ajenda ya pili.

Mkuu wa chuo aliwaita viongozi ofisini.

"Nyinyi mtakuwa walimu," alisema. "Mtafundisha watoto wa kila nyumba. Kama hamwezi kukaa pamoja, nitakifunga chama hiki mwisho wa mwezi."

Mong'ina ndiye aliyejibu. "Bwana mkuu, tupe siku tatu nje ya chuo. Ijumaa hadi Jumapili."

"Mkafanye nini?"

"Kuna shule ya kijiji kule Manga, juu ya mlima. Upepo umeng'oa paa lake, na watoto wanasomea juani. Twende tukaiezeke."

Ratemo alimtazama kama mtu aliyeibiwa. Hakuwa amesikia habari hiyo. Lakini mkuu alikubali, mradi Mwalimu Margret, aliyefundisha ushonaji, aandamane na wasichana.

Nje ya ofisi Obiero alisema kwa upole, "Dada, hesabu yako haitoki. Jumamosi sisi hatufanyi kazi. Jumapili wao hawafanyi. Tutafanya pamoja lini?"

Mong'ina alirudi bwenini kutafuta jibu. Alilitafuta siku nne nzima. Alipanga na kupangua, akaandika ratiba na kuzichana. Jumamosi jioni alikuwa ameketi kitandani na karatasi nyingine wakati rafiki yake Akong'o, Msabato kutoka upande wa ziwa, alipochungulia dirishani, akaona jua limezama, akachukua pasi na kwenda kutia makaa. Alifanya hivyo kila Jumamosi. Mong'ina alikuwa amemwona mara hamsini bila kufikiri lolote.

"Akong'o, Sabato imeisha sasa hivi?"

"Jua likizama imeisha. Hujui?"

"Na Jumapili yetu haianzi mpaka usiku wa manane," Mong'ina alisema polepole. "Basi jioni hii ni ya watu wote."

Akong'o alicheka. "Ni ya watu wote, ndiyo. Nipishe nipige pasi."

Ratiba mpya iliandikwa usiku huo. Ijumaa alasiri, wote. Jumamosi mchana, watu wa Jumapili. Jumamosi jioni, wote. Jumapili, Wasabato wamalizie pembeni huku wenzao wakisali. Aligawa vikundi vinne, na katika kila kimoja alichanganya pande zote mbili, ili yule atakayeacha kazi awe amemwelekeza atakayeipokea. Alitembea hadi Manga mara mbili, mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, akakubaliana na Mwalimu Cleophas wa shule ile kwamba wazazi wangekata nyasi na fito kabla wao hawajafika. Mama mmoja jirani na shule, aliyeitwa Loice, alitoa nyumba yake wasichana walale. Mjini alikwenda kwa Bwana Jaswant, Kalasinga mwenye lori, ambaye kila Ijumaa alipeleka mbao Keroka.

"Nitawashusha chini ya mlima, na Jumapili jioni nitawachukua hapo hapo," Jaswant alisema. "Kupanda mtapanda wenyewe. Taa mnazo?"

"Hatuna."

Aliingia dukani akatoka na karabai mbili. "Zirudi na vioo vyake," alisema.

Ijumaa ya safari walipanda Manga wakiwa wamebeba masufuria, mablanketi na gunia la maharage. Hawakuimba. Walipofika juu waliikuta shule: kuta nne za udongo, mbao za paa zikiwa uchi kama mbavu, na watoto arobaini hivi wamekaa kwenye magogo, vitambaa vichwani kujikinga na jua. Mwalimu Cleophas, mzee mwembamba mwenye koti lililofifia rangi, aliwasimamisha watoto wakawaamkia. Hapo hata Ratemo alivua kofia.

Saa chache za Ijumaa zilitosha kufunga fito. Jua lilipoanza kushuka Obiero aliteremka, akanawa mikono, na Wasabato wenzake wakamfuata. Chakula chao cha kesho kilikuwa tayari jikoni. Akong'o alikuwa amekipika mapema.

Jumamosi ilikuwa ngumu. Watu kumi na saba waliezeka peke yao. Wasichana walifunga nyasi matita na kuyarusha juu, na wavulana wakayapokea na kuyakaza kwa kamba za mgomba. Upande wa pili wa uwanja Wasabato walikuwa wakiabudu na wanakijiji wa imani yao, na nyimbo zao zilisikika vizuri mno.

Ratemo aliacha kamba ikaning'inia. "Katibu, sisi ni vibarua wao?"

"Kesho ukiwa umepiga magoti, wao watakuwa hapo ulipo," Mong'ina alimjibu kutoka chini. "Kaza hiyo kamba, mwenyekiti. Obiero ataendelea ulipoishia, na akikuta imelegea atajua ni yako."

Ratemo aliikaza.

Saa tisa upepo ulipanda kutoka bondeni. Ulianza kidogo, kisha ukaja kwa nguvu, ukainua nyasi ambazo hazijafungwa. Ratemo alikuwa juu ya ngazi ndefu, amekumbatia tita kwa mkono mmoja na fito kwa mwingine. Ngazi ikaanza kuteleza ukutani. Waliokuwa chini walikuwa mbali, wakikimbilia matita. Mong'ina aliona ngazi ikienda, akapiga kelele.

Obiero alitoka kwenye ibada akikimbia, Biblia bado mkononi. Aliitupa kwenye majani, akaishika ngazi kwa mikono miwili na kuikita kifuani mwake. Ngazi ikasimama. Ratemo alitazama chini akaona nani aliyemshika.

"Leo ni Sabato yako," alisema.

"Kumshika mtu asianguke si kazi," Obiero alijibu. "Funga nyasi zako."

Alisimama pale mpaka upepo ulipopita, karibu saa nzima, vumbi na vipande vya nyasi vikimwangukia kichwani. Hakugusa tita wala kamba. Ratemo alifunga safu nzima, na aliposhuka alimwokotea Obiero Biblia yake, akaipangusa kwa shati, akampa.

Jioni ile jua lilichelewa kuzama, au ndivyo walivyoona wao. Lilipopotea, Wasabato walikuwa tayari wamesimama chini ya ngazi, mikono ya mashati imekunjwa. Mong'ina mwenyewe aliziwasha karabai za Jaswant, moja kila upande wa nyumba. Ratemo alikuwa juu. Alimnyooshea Obiero mkono, akamvuta.

"Nimeishia hapa," alimwambia. "Nimefunga kwa kifundo cha kwetu. Lakini ule upepo umefungua vifundo viwili."

Obiero alivikagua. Baba yake alikuwa mwezekaji upande wa ziwa. "Kwetu tunazungusha mara mbili, halafu tunapitisha chini. Hivi."

"Rudia."

Obiero alirudia. Ratemo alijaribu, akakosea, akajaribu tena, kisha akageuka na kuwapigia kelele wengine wote wafungue vifundo vya safu ya juu na kuvifunga upya kwa mtindo wa Obiero. Hakuna aliyebisha. Watu thelathini na wawili walifanya kazi katika ule mwanga mweupe, matita yakipita mkono kwa mkono kutoka uwanjani hadi kwenye kilele, na mahali fulani katikati ya kazi mtu alianzisha wimbo. Wasabato waliujua, na watu wa Jumapili waliujua. Saa mbili na nusu tita la mwisho lilikaa mahali pake. Mong'ina alihesabu safu kwa kidole kutoka chini, akaandika kwenye karatasi yake.

Walikula meza moja, ingawa haikuwa meza bali mlango wa zamani uliowekwa juu ya mawe.

Jumapili, wakati wenzao wakisali, Wasabato walipunguza nyasi za pembeni mpaka ukingo ukanyooka kama uzi. Mchana mvua ilinyesha, mvua nzito ya milimani, na wanafunzi wote, na Mwalimu Margret, na Mwalimu Cleophas, na watoto waliokuja kuangalia, walijazana ndani ya darasa. Walisimama vichwa juu, wakingoja. Mvua ilipiga paa muda mrefu. Sakafu ilibaki kavu.

"Ile safu ni yangu," Ratemo alisema akionyesha.

"Ni yako, lakini kifundo ni changu," Obiero alisema, na watu wakacheka, Ratemo akiwa wa kwanza.

Mwalimu Cleophas aliuliza ni nani aliyepanga mambo haya yote. Ratemo hakumwachia mtu mwingine ajibu. Alimshika Mong'ina bega akamsogeza mbele. "Ni katibu wetu," alisema. "Mimi nilifuata karatasi yake."

Mvua ilipokatika walianza kuteremka kwenda kungoja lori. Mama Loice aliwasindikiza hadi penye njia, amebeba mkungu wa ndizi wa kuwapa. Alimpa Mong'ina mwenyewe, na alipoukabidhi hakuuachilia mara moja.

"Wewe ni mtoto wa wapi, mwanangu?"

"Nyacheki, mama."

"Nyacheki wana bahati," Mama Loice alisema. "Ukiwa mwalimu, omba waje wakulete huku."

Mong'ina aliuweka mkungu kichwani. Ulikuwa mzito, na njia ilikuwa na utelezi, na mbele yake Ratemo na Obiero walikuwa wamebeba sufuria kubwa kwa fimbo moja, kila mmoja na upande wake, wakibishana kuhusu mechi ijayo na siku itakayofaa kuchezwa.

"Tumuulize katibu," Obiero alisema.

"Alhamisi," Mong'ina alisema, na akaendelea kushuka, shingo imenyooka.