Adabu ya Mikono Miwili

Kule Murungu, mtoto akimpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto, hata kama ni njiti ya kuchokolea meno, amemtukana. Hilo halina mjadala. Mtoto anaweza kuwa mdogo wa kuangushwa na upepo, mkono wake wa kulia unaweza kuwa umeshika kuku. Ataambiwa amtue kuku chini, abadilishe mkono, ndipo kitu kipokelewe. Na kuku akikimbia, atamfuata baadaye.

Kwa hiyo Esteri alipoona mjukuu wake Irakoze anashika kila kitu kwa kushoto, kijiko, ufagio, jiwe la kumrushia mbuzi, hakumwambia mtu. Alimkalisha jikoni, moshi ukiwa umewafunika wote wawili, akamfundisha njia ya kupita katikati.

"Kila kitu, mjukuu wangu, toa kwa mikono miwili. Pokea kwa mikono miwili. Ukitumia yote, hakuna atakayeuliza upi ulitangulia."

Irakoze alikuwa mtoto wa Ildefonsi, kitinda mimba wa Esteri, anayenunua na kuuza maharage Kasulu mjini. Alipoachishwa ziwa aliletwa kwa bibi yake ili mama apumue, maana mimba nyingine ilikuwa imeshaingia. Ikawa wiki, ikawa mwezi, mtoto akaota meno na mizizi palepale.

Esteri hakuhitaji kuelezwa mashoto ni mtu gani. Yeye mwenyewe alizaliwa hivyo. Baba yake alimfunga mkono kwa kamba ya mgomba kila walipokaa kula, na alipoanza shule mwalimu akamalizia kazi kwa rula. Akazoea. Aliandika kwa kulia hadi darasa la saba, herufi zake zikilala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Lakini lipo jambo moja hakulizoea. Mwalimu akiuliza swali na jibu likamjia, mkono ulionyanyuka wenyewe, bila kutumwa, ulikuwa uleule wa kushoto; na mwalimu aliuona mkono kabla hajalisikia jibu. Basi akaacha kunyosha. Baada ya kuacha kunyosha akaacha kujibu, na baada ya kuacha kujibu akaacha hata kuyatafuta majibu. Walimu wakasema huyu binti ni mzito wa kichwa. Mwisho naye akakubaliana nao.

Kwa Irakoze mambo yalianza vizuri. Mwalimu Sylvesta wa darasa la kwanza, shule ya kijiji, alikuwa na watoto wamejaa hadi mlangoni, wengine wakiandika juu ya mapaja; lakini Esteri alipomfuata kumnong'oneza habari ya mkono, yule mwalimu alisema, "Mama, mimi nasahihisha kilichoandikwa. Mkono ni wake." Watoto wenzake walimwimbia njiani, "Mashoto ee, Mashoto!" naye aligeuka akawajibu, "Mashoto mwenyewe kakushinda hesabu, wewe Mkulia!"

Jioni, maharage yakichemka, wawili hao walitegana vitendawili.

"Kitendawili!" Esteri angesema.

"Tega!"

"Nina mapacha. Mmoja ndiye anayefanya kazi, mwenzake ndiye anayesalimia wageni."

Irakoze akatazama kulia, akatazama kushoto, akaangua kicheko. "Bibi! Hicho umenitega mimi!"

"Nimejitega na mimi mwenyewe. Haya, lete chako."

Pasaka ile Ildefonsi alikuja kula sikukuu. Irakoze akamletea maji ya kunawa, akapiga goti, akashika birika kwa mikono miwili. Akamletea chai, mikono miwili. Akapokea peremende alizoletewa kwa mikono miwili, akazikumbatia kifuani kama mtu aliyepewa kifaranga. Ildefonsi alimtazama akienda zake, akatikisa kichwa.

"Mama, huyu umemlea. Wale wangu wa mjini nikiomba maji, wananisukumia kikombe kama wananywesha ndama."

Esteri alifurahi mno, kama mpishi anayeona sahani imelambwa. "Ndivyo alivyo," akasema.

"Basi nimeamua leo hii. Kuna shule ya bweni pale Kasulu, ya Kiingereza. Nidhamu yao si ya mchezo. Kwa muda mrefu nimeitamani, ila nikaogopa kupeleka mtoto wa kuniaibisha. Lakini mwenye adabu kama hii? Huyu hata kesho anaingia."

Esteri akaweka kikombe chini. Adabu aliyomfundisha mtoto ili apite bila kuonekana ndiyo iliyomfanya aonekane. Alitaka kusema, akatazama wageni waliojaa uani, mashemeji na majirani, wote wakimpongeza, "Hongera, Mama Ildefonsi! Mjukuu atakuja kukutafsiria Kizungu!" Akasema ahsante. Angesema nini kingine?

Shule ilipofunguliwa alimfuata Mwalimu Sylvesta. Alimkuta anafuta ubao.

"Mwanangu, zungumza na Ildefonsi. Wewe ni mwalimu, atakusikia."

Sylvesta aliweka chini kifutio, akajipangusa vumbi la chaki. "Nitamwambia nini, Mama? Mtoto ni wake. Na mimi siwezi kukudanganya: kule kila mtoto ana dawati lake. Hapa kwangu mvua ikinyesha tunahamia upande mmoja wote."

"Lakini hapa anaandika."

"Anaandika, tena vizuri. Lakini mzazi ndiye anayechagua, Mama. Mimi hupokea ninayeletewa na huaga anayechukuliwa."

Esteri akarudi nyumbani na mikono yake mitupu.

Ildefonsi alikuja kumchukua binti yake asubuhi moja, gari likiwa limeshabeba godoro jipya, ndoo, na tranka lililopakwa rangi ya buluu. Irakoze alikuwa amejikalia juu ya tranka hilo kama bibi harusi. Ndipo Esteri alipomvuta mwanawe kando ya migomba.

"Ildefonsi, mtoto ni mashoto."

Ildefonsi akacheka. "Huyu? Tangu lini? Sijamwona hata siku moja akinipa kitu kwa kushoto."

"Hukumwona kwa sababu nilimfundisha mikono miwili. Nilimficha."

Kicheko kikakatika. Ildefonsi akaokota kijiti, akaita, "Irakoze! Shuka, njoo uniandikie jina lako hapa chini."

Mtoto akaja. Akapokea kijiti kwa mikono miwili. Akamwangalia bibi yake. Esteri akainamisha kichwa kumruhusu, maana siri ilikuwa imekwisha kufa. Irakoze akachuchumaa, kijiti kikahamia kushoto chenyewe, na jina likatoka juu ya udongo, limenyooka, kila herufi imesimama kwa miguu yake. Akaongeza na ua pembeni, kwa kupenda kwake.

Ildefonsi alilitazama kwa muda. Moyo wa Esteri ukaanza kupanda ngazi.

"Ameandika vizuri," Ildefonsi akasema.

"Umeona, mwanangu!"

"Nimeona. Ndiyo maana lazima aende sasa, Mama, asikawie. Pale sokoni tuna mpimaji mmoja anayeshika kopo kwa kushoto. Mtu mwema kabisa, hana wizi. Lakini wazee wanakataa maharage yake, wanasema amewatukana. Unataka binti yangu naye akwepwe hivyo? Samaki mkunje angali mbichi."

"Huyu si samaki. Ni mtoto."

"Na wewe je? Si ulikunjwa? Ukakunjika. Umelima, umetulea wote, Jumapili unasimama mbele ya kanisa zima unasoma Neno. Umepungukiwa nini, Mama?"

Aliuliza kwa upole, kwa heshima, kama mtoto anayetaka kweli kujua. Esteri akafungua mdomo. Angekuwa na kovu angelionyesha. Angekuwa na kidole kilichopinda angesema, tazama hiki. Lakini mtu aliyeacha kunyosha mkono hana alama mwilini, na majibu ambayo hakuyasema hayakuwekwa mahali aende kuyaleta. Alivyosimama pale, mzima, mwenye wana na wajukuu, alikuwa yeye mwenyewe shahidi wa mwanawe.

"Nilikuwa na akili, Ildefonsi," akasema mwishowe.

"Unazo hata sasa, Mama," mwanawe akamjibu, akamshika bega, akidhani amemfariji.

Esteri akaomba walau aende kumsindikiza mtoto. Hilo hakunyimwa. Wakapita Kibondo mjini, wakapita Makere, Irakoze akiuliza jina la kila kilima, na kila kilima kisichojulikana jina akakipa lake.

Shule ilikuwa nzuri. Esteri hakuweza kuisema vibaya. Njia zilipangwa mawe yaliyopakwa chokaa, na madirishani mlikuwa na vioo vizima. Matroni aliyewapokea aliitwa Firdausi, mwanamke mnene wa kucheka upesi, aliyempa Esteri kiti kabla hata ya salamu.

"Shikamoo, bibi. Karibuni."

"Marahaba, mwanangu. Kabla sijakaa, nikuulize. Mjukuu wangu ni wa kushoto. Mnawafanyaje?"

Ildefonsi akakohoa. Firdausi yeye akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa njia anayoipita kila siku.

"Usiogope, bibi. Hapa hatupigi. Tunawavalisha soksi tu mkononi, wakati wa kuandika na wakati wa kula. Wenyewe wanacheka. Mtoto anausahau huo mkono, wala hajui lini amesahau."

"Na akijua jibu, akanyosha huo wenye soksi?"

"Mwalimu atamsubiri anyoshe mwingine."

"Na asiponyosha mwingine?"

Firdausi akamtazama Ildefonsi, na Ildefonsi akatazama mawe yaliyopakwa chokaa. Esteri akamgeukia mwanawe, akasahau kwamba kuna mtu baki mbele yao. "Mpe mwaka mmoja tu kwangu, baba. Mwaka mmoja. Akue kidogo kwanza."

"Mama, basi. Watu wanatutazama."

"Watutazame."

"Mama." Sauti yake ilishuka, na Esteri akaona macho ya mwanawe yana maji. "Namtafutia mema kuliko niliyopata mimi. Unadhani napenda kumwacha?"

Hapo ndipo alipoishiwa nguvu. Angekuwa anapambana na mtu mbaya, angejua pa kushika. Huyu alikuwa mwanawe, anampenda mtoto, na yule mama mnene naye alikuwa mwema, na madirisha yalikuwa na vioo. Akakaa kwenye kile kiti alichopewa.

Irakoze akapelekwa bwenini kubadilisha nguo. Aliporudi alikuwa amevaa sweta la kijani, mikono yake imekunjwa mara kadhaa isimfunike vidole, na mkono wa kushoto tayari una soksi, nyeupe, yenye mstari mwekundu juu. Akaja mbio akicheka.

"Bibi, tazama! Kama kichwa cha sungura!" Akaifumbua na kuifumba soksi ile mbele ya uso wa Esteri. "Sungura anasema, shikamoo bibi!"

"Marahaba, sungura," Esteri akasema, na akacheka kweli, kwa sababu mtoto alikuwa anachekesha.

"Sungura anauliza umemletea nini!"

"Hajui hata kungoja, sungura huyu!" akasema Firdausi, naye anacheka. Ildefonsi pia akacheka, akajifuta macho kwa kiganja.

Irakoze akaitazama ile soksi, akaigeuza huku na huku. Mchezo ukamwishia. Akajaribu kukunja vidole ndani yake.

"Bibi, nitaivua lini?"

Ildefonsi alikuwa anatafuta funguo za gari kwenye mfuko ambao hazikuwamo. Firdausi alisubiri kwa adabu, maana swali halikuulizwa kwake. Lilikuwa swali la bibi, na mtoto alisimama akingoja kama alivyozoea kungoja jibu la kitendawili, akiwa na hakika kwamba bibi hakosi.

"Ukizoea," Esteri akasema.

"Nikizoea nini?"

Kengele ikalia. Watoto wakatoka kila upande wakikimbilia mstarini, na msichana mmoja mkubwa akapita akamvuta Irakoze kwa sweta, "Twende, mgeni, tutachelewa!" Irakoze akaenda. Alikimbia vizuri, kwa miguu ya Murungu, akiwapita walionenepa, na kwa mkono wake wa kulia alikuwa ameishika ile soksi juu ya kifundo, isije ikamvuka njiani.

Esteri alimtafuta katika mstari. Masweta yalikuwa ya kijani yote.

"Mama," Ildefonsi akasema nyuma yake, gari likiwa limeshawashwa. "Wanafunga geti."